Kicheko cha Sekunde Tisa

Inspekta Mama Taratibu aliomba sauti izimwe.

Mhariri mkuu wa kituo cha televisheni, bwana mrefu aliyepandisha miwani kichwani kama taji, alimweleza kwamba sauti ndiyo ushahidi wenyewe. Bila sauti, kicheko kiko wapi? Inspekta akamjibu kwamba kicheko ameshakisikia, na nchi nzima imeshakisikia, sasa anataka kukiona. Basi sauti ikazimwa, na kipande kile cha video kikachezwa kwa mara ya ishirini na moja.

Sekunde tisa tu. Mtangazaji yuko kwenye meza ya habari, koti la bluu, nywele zimefungwa nyuma. Ametoka kusoma kwamba mgodi umeporomoka na wachimbaji kumi na mmoja wamefukiwa. Huko majumbani watu walikuwa wanaangalia picha za mgodini, lakini kamera ya studio, ambayo haizimwi mpaka taarifa iishe, ilikuwa bado inamtazama yeye. Anagusa sikio la kushoto. Anainamisha kichwa. Kisha mabega yanatikisika, mkono unaziba mdomo, na anacheka kama mtu aliyetekenywa.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano mchana kipande kilikuwa kwenye kila simu, kimeandikwa juu yake: Anacheka maiti. Leo ilikuwa Ijumaa, na saa kumi alasiri kamati ya kituo ingekaa kuamua kama Dada wa Saa Moja, ndivyo watu walivyozoea kumwita kwa saa ya taarifa yake, atarudi kwenye kiti chake au atafungasha. Polisi wao waliitiwa jambo dogo zaidi: nani aliiba kipande kile kutoka hifadhi ya picha.

"Afande, mwizi ni kazi yako," mhariri alisema. "Kicheko ni kazi yetu."

"Mwizi na kicheko wametoka nyumba moja, bwana. Nikimjua mmoja, wa pili atakuja kunisalimia mwenyewe."

Akatoa penseli, maana kalamu za wino alikuwa anazipoteza kila wiki, akaandika kwenye daftari lake maneno matatu: Sikio la kushoto.

Alianzia chumba cha kupambia. Uzoefu ulikuwa umemfundisha kwamba mahali watu wanapokaa wamefumba macho wakipakwa poda, siri haziishi muda mrefu. Ukutani, juu ya kioo, kulikuwa na maisha yote ya kazi ya Dada, picha kwa picha. Hapa binti wa miaka ishirini na miwili kasimama mbele ya ramani ya mvua. Pale kakaa sakafuni na wanasesere, kipindi cha watoto. Kisha habari za alfajiri, zile ambazo watazamaji wake ni walinzi na wanawake wanaonyonyesha. Kisha Saa Moja. Na pembeni, ndani ya gauni la kumetameta, Dada wa Jumamosi, kipindi cha burudani alichokianzisha mwenyewe, nyimbo na wageni na mizaha kwa saa nzima.

Mpambaji alikuwa mama mnene mwenye vidole vyepesi. "Huyu nimempaka poda miaka kumi na sita," alisema. "Makunyanzi yake yote nayajua. Mengine nimeyazika kwa mkono wangu."

Akasimulia, bila kuulizwa mara mbili, jinsi wakubwa walivyomsumbua Dada achague. Mtu hawezi kulia na sisi Jumanne akacheza na sisi Jumamosi, walisema. Naye akawajibu kwamba mdomo unaolia matangani ndio huo huo unaokula harusini, na hakuna aliyewahi kuambiwa aje na midomo miwili. Wakamwacha, lakini hawakusahau. Kicheko cha Jumanne kilipotoka, wakasema si mnaona.

Halafu akasogea karibu, akanong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mtangazaji wa hali ya hewa ndiye aliyesoma habari jana na juzi. "Kiti hakijapoa, afande, mwenzetu ameshapimisha koti."

Mtangazaji wa hali ya hewa alipatikana mbele ya ramani yake, anafanya mazoezi ya kuonyesha mawingu yasiyoonekana. Hakukana koti. Aliagizwa kupima, akapima. Lakini jana alikwama mara tatu katika habari moja, na shati lilimganda mgongoni kama karatasi.

"Mimi nikikosea mvua, watu wanalowa tu, wanakauka," alisema. "Kiti kile sikitaki hata kama dawa. Mrudishieni mwenyewe, nawaomba."

Inspekta hakumsadiki wala hakumkatalia. Alishuka mapokezi, akafungua kitabu cha mahudhurio. Jumatano binti huyo wa hali ya hewa aliingia saa nane mchana. Kipande kilisambaa saa sita. Akapiga mstari juu ya jina lake na kupanda tena ngazi, polepole, mkono mmoja kwenye kishikio.

Hifadhi ya picha haikuwa tena chumba cha kanda zenye vumbi. Ilikuwa kompyuta moja, na kila anayechukua kitu humo, yenyewe inaandika jina na saa. Mhariri alisema orodha ameshaipitia na haina kitu. Mama Taratibu akaomba aipitie naye, kwa kuwa macho manne hayazidiwi na mawili. Waliochukua taarifa ya Jumanne walikuwa wanne. Watatu wa chumba cha habari. Wa nne alikuwa wa Jumatano, saa tatu na dakika tano asubuhi: chumba cha burudani.

"Na hawa?"

"Ah, hawa huchukua kila siku."

"Huchukua nini?"

Mhariri akashusha miwani, akaipandisha tena. "Mambo yao ya vichekesho. Sijui."

Chumba cha burudani kilikuwa mwisho wa korido, na mkata picha alikuwa humo peke yake, baba kijana mwenye macho mekundu na doa la maziwa ya mtoto begani. Alipoona kitambulisho cha polisi alivua vidude vya masikioni, akavikunja vizuri, akaviweka mezani kama mtu anayekabidhi funguo. Hakusubiri swali.

Kipindi cha Jumamosi, alisema, kina sehemu iitwayo Nyuma ya Meza. Humo wanaonyeshwa watangazaji wa kituo wakipiga chafya, wakisahau maneno, wakicheka mahali pasipofaa. Watu wanaipenda kuliko nyimbo. Aliyeibuni ni Dada mwenyewe, miaka minne iliyopita, na ndiye aliyetoa agizo: kicheko chochote cha studio kichukuliwe, bila kuomba ruhusa, tena waanze na chake, ili wengine wasione haya. Kwa hiyo kila asubuhi mkata picha hufungua skrini nane kwa pamoja, sauti zote zimezimwa, anaangalia.

"Natafuta meno, afande. Nikiona meno, nakata."

Usiku wa Jumanne alikuwa hospitali na mtoto mwenye homa. Habari za mgodi hakuzisikia. Asubuhi aliona meno, akakata kipande, akakiunganisha na sauti yake, akakiweka kwenye foleni ya vionjo vya Jumamosi, inayojirusha mtandaoni yenyewe saa sita. Saa sita na dakika ishirini mtu akampigia, akakiondoa mbio mbio. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Jioni alimpigia Dada kumwambia kwamba ataungama.

"Akasemaje?"

"Akasema nyamaza, una mtoto mchanga."

Mhariri mkuu alikaa juu ya sanduku la waya. Mchimba kisima huingia mwenyewe, alisema kwa huzuni ya kweli, kwa maana ndiye aliyemwajiri Dada zamani zile za ramani ya mvua. Akamshukuru inspekta: wizi haukuwepo, kesi imekwisha, na kamati itamaliza la kwake.

Mama Taratibu alitazama saa. Saa sita na nusu.

"Wa kwanza nimemjua," alisema. "Wa pili bado hajanisalimia."

Chumba cha uongozaji kilikuwa kando ya studio, baridi kama kisima, meza ndefu iliyojaa vitufe. Inspekta alitaka kujua jambo moja. Kile kidude cha sikioni anachovaa mtangazaji, nani anaweza kusema ndani yake? Akaambiwa wawili tu: mwongozaji wa taarifa na fundi sauti.

Mwongozaji, mama mwenye sauti iliyokauka kwa kuhesabu sekunde, aliapa kwamba habari ya kwanza ikianza kuonyeshwa yeye hunywa maji. Ndiyo nafasi yake pekee ya kumeza kitu. Isitoshe, yote yanayosemwa sikioni hurekodiwa, na rekodi ipo. Wakaisikiliza. Sauti ya mwongozaji inahesabu, inaacha. Inabaki mvumo mwembamba, kama nyuki wa mbali. Kisha, saa moja na dakika kumi na mbili, hata ule mvumo unapotea. Sekunde arobaini hakuna kitu kabisa. Kisha nyuki wanarudi.

Mhariri alimwinamia inspekta na kumnong'oneza kwamba mtu amefuta.

Fundi sauti alikuwa mzee mfupi aliyeitwa na kituo kizima Mzee Waya, na alikuwa anamenya ncha ya waya kwa kisu bila kuinua macho. Mama Taratibu alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamwomba amfundishe jinsi ya kufuta. Mzee akamfundisha kwa uvumilivu: bonyeza hapa, chagua hapa, na ukishafuta, mashine inaandika saa na jina la aliyefuta. Wakaangalia. Mashine haikuandika chochote.

"Basi hukufuta, mzee wangu."

"Sikufuta."

"Ulichomoa."

Kisu kikasimama. Inspekta alikuwa anatazama ubao wa matundu mbele yao, matundu kama mia, yote yameshika vumbi la miaka isipokuwa mawili. Hayo mawili yalikuwa yanang'aa pembeni, kama ngazi iliyokanyagwa sana. Moja lilikuwa la rekodi ya sikioni. La pili, chini yake, lilikuwa la simu ya chumba.

"Mama," Mzee Waya alisema taratibu, "mimi nina onyo moja tayari kwenye faili. La pili ni mlango."

Inspekta hakumbana. Aliomba orodha ya simu zilizoingia Jumanne jioni. Saa moja na dakika kumi na mbili iliingia moja. Jumatatu saa moja na dakika kumi na moja, moja. Ijumaa ya nyuma, moja. Namba ile ile. Akainakili, ingawa mhariri aliyesimama nyuma yake aliitambua kabla hajamaliza: ya nyumbani kwa Dada.

Dada alikaa ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba viwili yenye sare ndogo ya shule inayoning'inia dirishani. Bila poda alionekana mdogo kuliko kwenye televisheni, na amechoka zaidi. Alikuwa anapiga pasi. Alimkaribisha inspekta kwa sauti ile ile ya saa moja, akamwonyesha kiti, akarudi kwenye pasi yake.

"Nilicheka, afande. Andika nilicheka. Sina la kuongeza."

Mama yake mzazi alileta chai, na nyuma ya gauni lake akatokea binti wa mtangazaji, wa miaka mitano, ameshika sketi ya bibi kwa mkono mmoja, anamkagua mgeni kuanzia viatu. Mama Taratibu hakumuuliza mtangazaji kitu. Alimtazama mtoto. Mbele, safu ya chini, palikuwa na pengo.

"Jino lako liko wapi, mama?"

Mtoto akajipigapiga tumbo.

Bibi akacheka mpaka sinia likatikisika. "Tangu Jumanne nalitafuta. Kila asubuhi, mimi na kijiti changu na kopo lake la choo. Wewe unapeleleza huko, mwanangu, mimi napeleleza huku."

"Mama," mtangazaji alisema, kwa kuonya.

Lakini bibi hakuwa mtu wa kuonywa nyumbani kwa mwanawe. Akaeleza kwamba mtoto, alipokuwa na miaka miwili, alikuwa anamwona mama yake ndani ya televisheni, anamwita, haitikiwi. Alikuwa anapiga kioo kwa viganja mpaka anazimia kwa kilio. Siku moja Mzee Waya akasikia habari hiyo, akasema waya ni waya, akachomeka simu ya chumba kwenye kidude cha sikioni. Tangu hapo, kila taarifa, mama akimaliza kusoma habari ya kwanza na picha zikaja, mtoto anapiga simu. Nusu dakika hivi, haifiki dakika. Mama hajibu, hawezi, ila hugusa sikio ili mtoto aone kwenye simu ya bibi, ambako Mzee Waya humpelekea picha ya kamera. Baada ya hapo anakula, analala. Mwaka wa tatu sasa, na nchi haijajua.

Pasi ilikuwa imesimama. Inspekta akaiondoa juu ya kitambaa kabla haijaunguza, akaiweka wima.

"Jumanne alikuambia nini?"

Mtangazaji alikaa.

"Alisema, mama, nimemeza jino. Litaning'ata tumboni?" Mdomo wake ulitaka kufanya kitu, akauzuia. "Nilikuwa nimetoka kusoma wafu kumi na mmoja, afande. Kisha hilo likaingia sikioni. Kilichotoka kilitoka."

"Na umeamua kunyamaza."

"Mzee Waya ana onyo. Yule wa kukata picha ana mtoto wa miezi minne. Mimi nikianguka, nitasikika, watu watanisema mwezi mmoja, nitainuka. Wao wakianguka, nani atasikia?"

Mama Taratibu alimaliza chai yake, kwa sababu ililetwa na mtu mzima. Kisha akasimama.

"Huwa siandiki ninachoombwa," alisema. "Naandika kilichotokea. Vaa, twende."

Kamati ilikuwa ya watu watano na jagi la maji. Kwenye kiti cha sita, karibu na mlango, alikaa mjane wa mmoja wa wachimbaji, aliyetumwa na familia zote, magotini bahasha ambayo wote waliidhani ya malalamiko. Inspekta alisoma ripoti akiwa amesimama, kurasa mbili, bila kupandisha sauti: agizo la Nyuma ya Meza, meno, foleni ya saa sita, kisha matundu mawili, namba ya simu, sekunde arobaini. Alipomaliza, mhariri mkuu akaanza kuhesabu kanuni zilizovunjwa. Alikuwa amefika ya nne mjane alipoinua mkono.

Hakumtazama mhariri. Alimtazama Dada.

"Ulikuwa unasikia ulichokuwa unasoma?"

"Nilisikia, dada yangu. Naomba unisamehe. Hukustahili kukiona kile kicheko."

Mjane alifikiri. "Wangu wa pili naye anang'oka meno," alisema. "Baba yake ndiye alikuwa anayang'oa. Kwa uzi." Akanyoosha bahasha kwa kiganja. "Kicheko walikilalamikia watu wa kwenye simu. Mimi safari yangu ni nyingine. Mlisema kumi na mmoja, mkapita, mkaenda kwenye mpira. Hata mbuzi akipotea hutajwa rangi yake."

Akaifungua bahasha. Hayakuwa malalamiko. Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, na juu yake, kwa mwandiko wa mtoto anayejifunza kuunganisha herufi, majina kumi na moja, kila moja na umri wake na idadi ya watoto aliowaacha.

"Asome yeye," alisema mjane. "Leo, saa moja. Huyu akisoma watu wananyamaza."

Mwenyekiti wa kamati aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na kanuni ya jambo hilo. Kiti kikarudi kwa mwenyewe. Mkata picha akaagizwa kuanzia sasa afungue sauti kabla ya kukata. Onyo la pili la Mzee Waya liliandikwa kweli, mwenyekiti akaliweka mezani, akaweka gilasi yake ya maji juu yake, na mkutano ulipovunjika gilasi ilikuwa bado pale, onyo halijaenda kwenye faili.

Saa moja kasorobo mpambaji alikuwa anazika makunyanzi. Binti wa hali ya hewa alilivua koti la bluu mwenyewe, akalipiga brashi, akalileta akiwa amelikumbatia. Mama Taratibu, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha tangu alasiri, aliomba kukaa chumba cha uongozaji, akapewa kiti nyuma ya Mzee Waya.

Dada alisoma majina kumi na moja. Hakuharakisha hata moja. Mwongozaji, aliyezoea kuhesabu sekunde, hakuhesabu. Gilasi yake ya maji ilibaki imejaa. Mjane alikuwa nyuma ya kioo cha studio, na kila jina lilipotajwa midomo yake ilikwenda nalo.

Jina la saba lilikuwa linasomwa taa ya simu ilipowaka. Iliwaka, ikazima, ikawaka, bila mlio. Mikono ya Mzee Waya ilitulia magotini. Wote wakageuka kumtazama inspekta.

Mama Taratibu akanyanyua mkono wa simu.

"Mama anasoma majina ya watu," alisema kwa sauti ya chini. "Subiri mpaka hali ya hewa, ndipo uongee naye. Sawa?"

Upande wa pili mtoto akapima haki yake kwanza.

"Wewe nani?"

"Mpelelezi."

"Basi mwambie," mtoto alisema. "Bibi amelipata."

Inspekta aliahidi kufikisha ujumbe. Akaweka simu mahali pake, akafungua daftari kwenye ukurasa wa asubuhi, na chini ya maneno Sikio la kushoto akaandika kwa penseli: Jino. Limepatikana. Mbele yake Mzee Waya alikuwa ameshaushika ule waya kwa vidole viwili, anasubiri mvua itangazwe.